Kuna mjusi hapa Dar anavua baharini na tunampita kila wikiendi

Kuna mjusi hapa Dar riziki yake iko baharini. Sizungumzii mchangani wala kwenye minazi ya hoteli, nazungumzia mwamba wenyewe unaopigwa na mawimbi, pale ambapo maji yakijaa panazama na yakipwa panabaki vidimbwi na majani ya bahari yanayoteleza. Nikiwaambia watu wanabaki wananiangalia tu, maana kwa mtu wa Dar mjusi ni yule wa ukutani anayevizia wadudu kwenye taa, au yule wa kwenye uzio anayeinuainua kichwa, basi stori imeisha. Ndo maana leo naandika, na naandika ndefu, huyu kiumbe nampenda kweli na stetasi moja ya WhatsApp haimtoshi.

Kwenye vitabu anaitwa Cryptoblepharus africanus. Ni mdogo, ukimpima kuanzia puani mpaka ncha ya mkia anacheza kwenye sentimita 10 au 12 hivi, na mkia peke yake unachukua zaidi ya nusu ya hapo. Mwembamba, miguu mirefu kwa mwili wake, magamba laini yanayong'aa. Rangi yake kwa mbali utasema mweusi, ila ukisogea jua likampiga unaona ni kahawia iliyoiva yenye mng'ao wa shaba, halafu mgongoni kuna madoadoa ya krimu yaliyotawanyika na pembeni mistari miwili hafifu, kwa wengine inaonekana vizuri kwa wengine imepotea kabisa. Sasa chukua rangi hiyo uiweke juu ya mwamba wa pwani uliolowa, ule wenye vishimo na vivuli, utaelewa kwa nini watu wanakaa juu ya jiwe hilo hilo wanapiga selfi na hawajui kama wana mwenzao.

Kiukoo yuko kundi moja na hawa mijusi islamu wa majumbani, wale laini wenye mistari wanaoota jua kwenye ngazi na kwenye matofali. Mjusi kafiri ni ukoo mwingine, yule anatoka usiku na ana vidole vya kunata. Huyu wetu ni wa mchana tena wa jua kali, na hanati popote, ana kucha nyembamba ndefu anazozipachika kwenye vitundu vya jiwe na ndo hizo zinazomshikilia wimbi likipita.

Kwa Dar mi namuona zaidi Oysterbay, kwenye ile miamba ya chini ya Toure Drive ukitoka Coco Beach, na kule Mbudya upande wa majabali, yaani ukishuka kwenye boti usikimbilie kwenye vibanda na samaki wa kukaanga, zunguka kwanza kisiwa. Ila kwa ujumla huyu ni mtu wa pwani nzima ya Afrika mashariki, anaanzia Somalia anashuka Kenya, kwetu, Msumbiji, mpaka kaskazini mwa KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini, na huko mwisho amebaki kwenye sehemu moja tu ya miamba inaitwa Black Rock. Popote alipo anataka mwamba wa matumbawe ya kale, mgumu, wenye mashimo, na bahari iwe mlangoni. Mita mia chache tu kuingia nchi kavu humuoni tena.

Na huo mwamba wenyewe niuongelee kidogo maana bila mwamba hakuna mjusi. Lile jiwe la kijivu linalochana ndala pale Oysterbay lilikuwa tumbawe hai. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, matumbawe yakaota, baadaye maji yakashuka yakaacha matumbawe yamekauka juu, mvua na chumvi na mawimbi vikaanza kuyatafuna mpaka yakawa na hiyo sura ya visu na mashimo. Ukiinama vizuri unaona maumbo yake mle ndani, mistari ya nyota nyota na makombe yaliyogandia. Ni jiwe hilo hilo lililojenga Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe na majumba ya zamani ya Bagamoyo. Wazee wetu walilikata wakajengea, wakalichoma wakapata chokaa, na mjusi naye akakaa kwenye mashimo yake.

Sasa nije kwenye kazi yake, maana hapa ndo penye utamu.

Huyu mjusi anaishi kwa ratiba ya maji. Wanaovua wanajua kwamba bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya hapa kwetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo maji makavu yanaangukia kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Yakifika maji mafu, bahari inakuwa haishuki sana na kukauka kwake kunasogea mpaka jioni. Sasa mjusi anahitaji jua ili damu ichemke aweze kukimbia, na anahitaji mwamba uwe wazi ili ale, hivyo vitu viwili vinakutana vizuri kabisa asubuhi za bamvua. Hiyo ndo sikukuu yake.

Nilikaa asubuhi moja ya hivyo pale Oysterbay, maji ndo yanaanza kuondoka, mwamba bado unatiririka. Nikachagua jabali moja kubwa nikakaa upande ambao kivuli changu kinaanguka nyuma. Kwa muda mrefu hakuna kitu, kaa tu wanatoka wanarudi, na wale konokono wadogo weusi. Halafu kwenye ufa mmoja, juu kabisa ambako maji hayakufika usiku, kikatokea kichwa. Kichwa tu. Akakaa hivyo, kidevu kwenye jiwe, akiipasha pua jua. Baadaye mabega. Baadaye akatoka mzima akajilaza, akajitandaza mpaka tumbo likagusa jiwe lote, mbavu zimefunguka, mkia umenyooka, na hapo nikaona jinsi rangi nyeusi inavyomsaidia maana jua lenyewe lilikuwa bado changa ila ye baada ya muda mfupi tu akaanza kuchangamka, anageuza kichwa haraka haraka, kulia, kushoto, chini.

Akashuka. Hakushuka moja kwa moja, anakimbia hatua chache anasimama, anakimbia anasimama, akikuta pengo anaruka, na anaporuka ni kweli anaruka, miguu yote minne iko hewani. Akafika kwenye mstari ambao wimbi la mwisho lilikuwa limeacha povu. Pale kuna vidudu vidogo vya pwani vinavyorukaruka kwenye majani yaliyooza, jamii ya kamba ila vidogo sana, we ukifunua jani moja vinatawanyika kama viroboto. Mjusi akapiga kimoja, akakitingisha, akameza. Akapiga kingine. Wimbi dogo likaja, hakukimbilia mbali, alipanda tu upande wa juu wa jiwe akang'ang'ania, maji yakampita miguuni na tumboni, yalipotoka akarudi pale pale kwa sababu wimbi lilikuwa limeleta vidudu vipya.

Halafu akaenda kwenye kidimbwi. Kidimbwi chenyewe hakizidi ukubwa wa sahani ya wali, maji safi unaona mpaka chini, na ndani kuna visamaki, vile vidogo vyenye rangi ya mchanga. Akakaa ukingoni bila kutikisika. Akaweka mguu mmoja ndani. Mi hapo nimeshika simu naogopa hata kupumua. Kisha akatumbukiza kichwa na mabega yote, akavuruga maji, akatoka mtupu, akajipangusa uso kwenye jiwe akasogea ukingo mwingine akaanza upya. Sikumuona akipata samaki siku ile, ila waliowachunguza hawa mijusi kwa miaka mingi wanasema visamaki wanavila, pamoja na kaa wachanga na wadudu wa kawaida wa nchi kavu wanaoangukia pwani. Na wanasema pia akifukuzwa sana anaweza kujitosa kwenye dimbwi kabisa akazama, akajificha humo humo. Mjusi! Kwenye maji ya chumvi!

Watu wakitaka kuona mjusi wa baharini wanaambiwa waende Galápagos, kule kuna wale wakubwa wanaokula majani ya bahari ambao hata Charles Darwin aliwakuta mwaka 1835. Sawa, wale ni wakubwa na wanatisha na wana sifa dunia nzima. Ila wa kwetu anafanya kazi ngumu kuliko hiyo akiwa na mwili mdogo kuliko kidole changu cha kati ukiutoa mkia, kwenye mawimbi ya Bahari ya Hindi, na nauli ya kwenda kumuona ni daladala.

Siku hiyo hiyo alipita mzee mmoja ametoka kutafuta pweza, ana mkonjo wake na kikapu, akanikuta nimeinama pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeangusha nini?"

Nikamwambia sijaangusha kitu, namuangalia mjusi. Nilidhani atacheka akaenda zake, lakini akasimama, akaweka kikapu chini, akatazama upande nilioonyesha.

"Huyo tunaye siku zote. Mi tangu nakuja huku na marehemu baba namuona. Bahari ikianza kurudi ye ndo anapanda wa kwanza, kabla hujaona maji yamegeuka. Ukiona wamepanda wote na we chukua vitu vyako upande."

Nikamuuliza kama anakufa akimezwa na wimbi.

"Hafi. Wimbi linamchukua linamtupa jiwe lingine, anajikung'uta anaondoka. Mi nimemuona anaogelea. Ila sasa hivi wamepungua upande ule," akaonyesha kwa mkonjo kule kwenye nyumba, "kule walipojenga ukuta. Kule hata kaa hupati."

Nitarudi kwenye hilo la ukuta. Ngoja kwanza nimalize habari za jicho, maana watu wengi hawajawahi kuliona karibu.

Mjusi islamu wa kawaida wa nyumbani ana kope, anafumba anafumbua. Huyu wa mwambani hafumbi kabisa. Kope lake la chini limepanda limeungana na la juu, na lote limekuwa gamba moja angavu lililofunika jicho, mfano wa nyoka. Anaona kupitia hilo gamba muda wote. Likichafuka analilamba kwa ulimi, na nina video fupi anayoonekana akifanya hivyo, ulimi unatoka unapanda mpaka juu ya jicho unasafisha unarudi, halafu jicho linang'aa upya. Sasa fikiria mtu unaishi kwenye rashasha la chumvi kutwa, upepo wa kusi unapiga miezi kadhaa bila huruma, mchanga unaruka, na jicho lako lina kioo chake. Kusema ukweli ndugu zake wengine wenye jina hilo hilo la Cryptoblepharus wanaoishi kwenye miti na kwenye kuta mbali na bahari nao wana kioo hicho hicho, kwa hiyo siwezi kusema kilitengenezwa kwa ajili ya chumvi, ila kwa macho yangu kinamfaa sana.

Na hao ndugu zake ndo stori nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Ukiangalia mwambao wa Afrika bara hii ndo spishi ya Cryptoblepharus tuliyonayo. Wengine, na ni wengi, zaidi ya spishi 50, wako Australia, Indonesia, visiwa vya Pasifiki mpaka Hawaii. Halafu upande wetu wa Bahari ya Hindi wako Madagaska, Morisi, Aldabra na Komoro. Zamani walidhaniwa wote hawa ni spishi moja iliyotapakaa bahari nzima, wakaitwa boutonii, jina alilopewa yule wa Morisi mwaka 1831. Wa kwetu akatambuliwa na Mjerumani mmoja, Richard Sternfeld, mwaka 1918. Komoro sasa ndo utashangaa, kila kisiwa kina wake: Ngazidja wake, Mwali wake, Nzwani wake, Maore wake. Na visiwa vile vyote vimezaliwa na volkano katikati ya bahari, havijawahi kushikana na bara hata siku moja. Huwezi kufika kule kwa miguu.

Kwa hiyo walifikaje? Kwa maji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hawa wa upande wetu asili yao ni kule Australia na Indonesia, walivuka bahari nzima, na kuna uwezekano mkubwa ilikuwa safari moja tu iliyofanikiwa, wakafika Madagaska, na kutoka hapo uzao wao ukasambaa visiwani na mmoja au wachache wakaangukia mwambao wa Afrika. Hakuna aliyewapakia. Ni gogo tu, au lundo la mimea iliyong'olewa na mafuriko ikachukuliwa na mkondo, na ndani yake mjusi, au mayai ya mjusi kwenye ganda la mti. Kiumbe aliyezoea kulowa chumvi na kula vidudu vya pwani ana nafasi kuliko mjusi mwingine yeyote, maana hata kwenye gogo vidudu vipo.

Mtu wa pwani hii hapo anapata kitu cha kufikiria. Ngalawa zetu, zile zenye mrengu kila upande, ufundi wake nao unahusishwa na watu waliotoka huko huko Indonesia, wale ambao damu yao na lugha yao iko Madagaska mpaka leo. Mjusi alitangulia kwa muda mrefu sana kabla ya mtu yeyote kuchonga mtumbwi, lakini njia ni ile ile, na upande wa kutokea ni ule ule. Mi nikimuona pale kwenye mwamba na nyuma yake ngalawa inapita kuelekea Msasani naona wote wawili wana haki sawa ya kuitwa wenyeji.

Habari za uzazi nazijua kidogo ila ni muhimu. Jike anataga mayai machache, moja au mawili basi, anayaweka kwenye nyufa au kwenye mchanga uliojikusanya kwenye mashimo ya mwamba juu ya mstari wa maji kujaa. Mayai mawili ni machache mno. Kuku anamshinda, kasa anamshinda mara hamsini. Kiumbe wa mayai mawili hana ziada ya kupoteza, akiharibiwa sehemu ya kutagia msimu mmoja hakuna kitoto kinachokuja kuziba pengo.

Maadui wapo. Kunguru ndo namba moja kwa ninavyoona mimi, hawa kunguru wa Zanzibar walioletwa Unguja miaka ya 1890 kwa ajili ya kusafisha taka, wakavuka wakajaa Dar nzima. Kunguru anatembea juu ya mwamba anachungulia kila ufa, na mjusi asipokuwa makini anaondoka naye. Mjusi ana mbinu yake ya kuacha mkia, mkia unabaki unacheza adui anahangaika nao, ye anazama shimoni, baadaye unaota mwingine mfupi usio na madoadoa. Pale Oysterbay ukikaa ukiangalia utaona wengi mikia yao ni ya pili. Kuna na paka wa mitaani. Na kuna watoto wenye mawe, na hapa naomba wazazi mnisikie vizuri, mtoto ameambiwa nyumbani mjusi ni wa kuuawa, anafika beach na hiyo hiyo akili, anapiga. Huyu hang'ati, hana sumu, haingii ndani kwako, hatadondokea kwenye chakula chako kwa sababu hana habari na dari lako. Mwambie mtoto akae chini amuangalie anavyovua, utashangaa mtoto anavyotulia.

Lakini kunguru na mawe ni madogo ukilinganisha na ukuta.

Miaka ya karibuni ufukwe wetu unaliwa, hilo sibishi, nimeona miti iliyokuwa mbali na maji sasa mizizi iko nje. Barabara lazima zilindwe, ukuta kama ule wa Barabara ya Barack Obama una sababu na kila anayepita pale anaiona. Shida yangu ni hizi kuta za watu binafsi, mtu ananunua kiwanja juu ya mwamba, mwamba wenyewe hauendi popote, umekaa pale tangu enzi za bahari ya juu, ila anataka kona iwe laini na sehemu ya kuweka viti, basi anamwaga zege mpaka kwenye maji. Kuna sehemu moja nilikuwa napita sana, sitaitaja, mwamba ulikuwa na ufa mrefu unaokwenda kimshazari na mle ndani kila nikienda nakuta mijusi wamepangana, wakubwa kwa wadogo. Fundi alijaza ufa wote kwa saruji, akapiga plasta juu, akapaka nyeupe. Nilisimama pale nikatafuta hata mmoja. Mawimbi yanapiga ukuta yanarudi na nguvu zote, hakuna kidimbwi, hakuna majani, hakuna kaa, yule mzee wa pweza hakukosea.

Na kitu kinachoniuma ni kwamba inawezekana kujenga na bado ukabakiza maisha. Jiwe lenye matundu likipangwa bila kupigwa plasta linashika viumbe. Kule Sydney walijaribu kufunga vyungu vya zege kwenye kuta za bahari, maji yakipwa vinabaki vimejaa maji ya chumvi, na viumbe vikaja vikakaa humo ambavyo kwenye ukuta mtupu havikuwepo. Mafundi wetu wa mawe wanaweza kufanya hicho kitu wakiambiwa tu, ukuta usiwe kioo, acha nyufa, acha vishimo, acha jabali la asili pale lilipo na ujenge nyuma yake. Gharama ya kutopiga plasta ni ndogo kuliko gharama ya kupiga plasta, hilo halihitaji hesabu.

Visiwani kuna nafuu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo majabali ya Mbudya na Bongoyo bado yako jinsi yalivyo, na mijusi wa kule wamejaa, tena hawaogopi sana. Ila watu wanabeba vipande vya mwamba kwa mapambo, wanaacha chupa na vifuko kwenye nyufa, na ufa uliojaa plastiki kwa mjusi ni ufa uliozibwa vile vile.

Kama unataka kumuona, angalia mwezi. Siku chache baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, fika mwambani saa tatu asubuhi hivi wakati maji yanaondoka, vaa viatu vyenye soli ngumu, lile jiwe halina masihara. Tafuta jabali ambalo juu ni kavu na chini limelowa, kaa mita mbili tatu kutoka hapo, kivuli chako kisilifunike, tulia. Usimfukuze na simu, ukimfukuza anaingia ufani na hatoki mpaka uondoke, ukitulia atakuja mwenyewe karibu na mguu wako maana akili yake yote iko kwenye vidudu. Siku ya mawingu usijisumbue. Na maji yakigeuka panda, usisubiri kuona mjusi wa mwisho amepanda.

Kitu ninachokitafuta sasa ni picha za kutoka sehemu nyingine za mwambao. Wa Mbudya naona ni weusi zaidi kuliko wa Oysterbay, mistari yao haionekani kabisa, na nataka kujua wa Kilwa wakoje, wa Mafia, wa Mtwara, wa Tanga, wa Kizimkazi. Ukikaa maeneo hayo na una simu inayovuta karibu, mpige picha kwa juu ili mgongo wote uonekane na mkia, uniambie ni mwamba gani na maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, nitumie kwenye maoni hapo chini au inbox. Wa Mtwara hasa, sijapata hata picha moja.